Kioo cha Nyuma na Safari za Usiku: Maswali ya Wasomaji

Barua zinazohusu vioo vya giza zimekuwa nyingi kiasi kwamba tumeamua kuzipa ukurasa mzima. Tumechagua zile zinazozungumzia kioo cha nyuma na uendeshaji wa usiku, tukazifupisha palipohitajika bila kugusa maana.

SWALI: Nilinunua Toyota Noah iliyotumika kutoka Japani. Vioo vya nyuma vilikuja na weusi wake, lakini kwa sababu ya jua la huku nikaongeza tinti juu yake, kioo cha buti nacho nikakibandika. Mchana sina shida. Usiku nikirudi rivasi uani kwangu sioni kitu, hata taa za rivasi zikiwa zinawaka. Fundi aliyebandika ananiambia macho yatazoea. Je, ni kweli? — Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, hayatazoea, na ninakuomba usiendelee kurudi rivasi usiku kwa kutegemea ahadi hiyo. Tatizo lako haliko machoni, liko kwenye hesabu ya mwanga.

Vioo vya nyuma vya gari lako vilitiwa rangi kiwandani. Rangi imo ndani ya kioo chenyewe, haikubandikwa, ndiyo maana hata ukikwangua haitoki. Vioo vya aina hiyo kwa kawaida hupitisha takribani robo tu ya mwanga unaovipiga, vingine zaidi kidogo na vingine pungufu. Karatasi ya tinti nayo ina kipimo chake: iliyoandikwa 35 hupitisha asilimia 35 ya mwanga, iliyoandikwa 20 hupitisha asilimia 20, na iliyoandikwa 5 ndiyo ile nyeusi kabisa ambayo vijana wengi huipenda. Wateja wengi hudhani kwamba ukibandika karatasi ya 20 kwenye kioo chochote, unapata asilimia 20. Sivyo, kwa sababu vipimo hivyo huzidishwa. Kioo kinachopitisha asilimia 25 kikibandikwa karatasi ya 20, kinachobaki ni asilimia 5. Yaani katika kila sehemu 100 za mwanga unaorudi kutoka kwenye ukuta, mti au mtoto aliyesimama nyuma ya gari, 95 zinaishia kwenye kioo na karatasi, na 5 tu ndizo zinazokufikia.

Mchana hulioni pengo hilo kwa sababu jua lina mwanga mwingi mno, na hata asilimia 5 yake inatosha kukuonyesha gari lililo nyuma. Usiku uani hali ni nyingine kabisa. Balbu ya rivasi katika magari mengi ya Japani ni ya wati 16 hadi 21 tu, na mwanga wake husambaa huku na huku kabla sehemu ndogo haijakigonga kitu na kurudi kwako. Hiyo sehemu ndogo ndiyo unayoigawa tena mara ishirini.

Kuhusu kuzoea, jicho la binadamu huchukua kama dakika 20 hadi 30 gizani mpaka uwezo wake wa kuona usiku ukamilike. Dereva hapewi muda huo, kwani mwanga wa dashibodi, wa taa zake mwenyewe zinapogonga geti na wa magari yanayopita huliharibu zoezi hilo kila mara. Na hata jicho lililozoea giza kikamilifu hutambua maumbo na mwendo tu. Rangi na vitu vidogo halivioni vizuri.

Kama unataka kujithibitishia, fanya jaribio hili mahali palipo tambarare na pasipo na watu. Weka ndoo ya rangi ya bluu iliyokolea hatua kumi nyuma ya bampa, ingia garini, vuta breki ya mkono, kanyaga breki na uweke gia ya rivasi ili taa ziwake bila gari kusogea. Tazama kwenye kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, kisha geuka utazame moja kwa moja kupitia kioo cha nyuma. Halafu rudisha gia kwenye maegesho, fungua mlango wa buti, uweke rivasi tena kwa tahadhari ileile na utazame pasipo kioo chochote katikati. Ndoo ambayo mwanzo haikuwepo itakuwepo. Kimo chake hakipungukii sana kimo cha mtoto mchanga anayetambaa, na hilo ndilo linalonifanya niandike kwa urefu hivi.

Ushauri wangu ni kuibandua karatasi ya kioo cha buti na kuacha weusi wa kiwandani peke yake. Najua utauliza: na joto je? Karibu nusu ya nishati ya jua inayotufikia ni mionzi isiyoonekana kwa macho, kwa hiyo giza la karatasi si kipimo cha ubaridi wa gari. Karatasi nyeusi ya bei nafuu hunyonya mwanga, kioo chenyewe kinapata moto, na sehemu ya moto huo huingia ndani. Zipo karatasi za seramiki ambazo kwa macho ni karibu nyeupe, zinapitisha asilimia 70 ya mwanga, na bado huzuia sehemu kubwa ya ile mionzi ya joto. Ni ghali zaidi, lakini hapo unanunua ubaridi. Katika ile nyeusi ulinunua giza ambalo gari lilikuwa nalo tayari.

Na tafadhali angalia milango ya mbele. Vioo vya pembeni vya kutazamia nyuma unavitazama kupitia madirisha hayo. Kama nayo yamebandikwa, basi usiku huna njia hata moja ya kuona nyuma.

SWALI: Nimenunua gari kutoka kwa mtu wa Mombasa. Tinti ya kioo cha nyuma imegeuka zambarau na imejaa mapovu, na taa za magari yaliyo nyuma yangu naziona kama nyota zilizotawanyika. Huku kwetu kuna ukungu asubuhi na usiku, nami nahitaji zile nyaya za kupasha kioo. Fundi mmoja alitaka kukwangua kwa wembe nikamzuia. Nifanyeje? — Msomaji, Limuru

JIBU: Ulifanya vyema sana kumzuia. Wembe mmoja ungeweza kukumalizia nyaya zote kwa dakika chache.

Nianze na sababu. Weusi wa karatasi za bei nafuu hutokana na mchanganyiko wa rangi kadhaa, na rangi hizo hazipauki kwa kasi moja zinapopigwa na jua. Zinazopauka mapema zikishaondoka, zinazobaki ndizo zinazokupa zambarau. Mapovu ni habari ya gundi: joto la miaka kadhaa huichosha, ikaachia kioo hapa na pale, na hewa ikajaa katikati. Kila povu hupindisha mwanga kwa namna yake, ndiyo maana taa moja inageuka kuwa nyota nyingi. Karatasi iliyofika hapo haitengenezeki. Kuitoboa kwa sindano ili kutoa hewa, kama wengine wanavyofanya, huacha mabaka na hakurudishi gundi.

Sasa nyaya. Ile mistari ya rangi ya kahawia unayoiona si waya uliofichwa ndani ya kioo. Ni rangi yenye madini ya fedha iliyochapwa juu ya uso wa ndani wa kioo na kuchomwa kiwandani, na karatasi ya tinti imebandikwa juu yake moja kwa moja. Katika magari mengi ya Japani baadhi ya mistari, hasa ya juu, ni antena ya redio. Kwa hiyo anayekwangua kwa wembe anakata mistari ya joto na huenda akakunyamazishia redio.

Njia salama ni joto na subira. Chagua siku ya jua, au tumia mashine ya mvuke, au hata drya ya saluni. Funika kwa taulo spika na kibao kilicho ndani, chini ya kioo cha nyuma. Pasha kona moja mpaka gundi ilainike, inyanyue kwa ukucha, kisha ivute karatasi polepole ikiwa imelala karibu na kioo, ukifuata mwelekeo wa mistari, yaani kutoka ubavu hadi ubavu. Usivute kutoka juu kwenda chini, kwa sababu hapo unaikata mistari yote kwa mpigo. Ikianza kugoma, simama, pasha tena. Mara nyingi karatasi yenyewe hutoka na gundi hubaki kiooni kama utando wa kahawia. Huo uloweshe kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, uache ulainike, kisha uufute kwa kitambaa laini, tena kwa kufuata mistari. Steelwool, msasa na wembe viwekwe mbali kabisa. Kazi hii inaweza kula nusu siku, na fundi anayekuahidi robo saa mwambie asante.

Ukimaliza, kipime kioo. Asubuhi kikiwa na ukungu washa gari, bonyeza swichi ya kupasha kioo na utazame: mstari mzima husafisha ukungu ulio kando yake, na uliokatika huacha utepe wa ukungu. Kuipata sehemu ilipokatika, fundi wa umeme huweka ncha moja ya mita ya kupimia umeme upande mmoja wa kioo na kuitembeza nyingine juu ya mstari. Katika mstari mzima volti hushuka taratibu kutoka karibu 12 hadi sifuri, na katikati husoma karibu 6. Ikiruka ghafla, hapo ndipo penye pengo. Pengo dogo huzibwa kwa rangi maalumu yenye madini ya fedha, inayouzwa kwenye maduka ya vipuri.

Kama baadaye utataka kubandika nyingine, chagua isiyo na rangi au yenye kiza kidogo sana. Palipo na ukungu, kila asilimia ya mwanga ina kazi. Epuka pia karatasi zenye chembe za chuma, kwa sababu zinaweza kudhoofisha antena hiyo ya redio.

SWALI: Nimebandika tinti juzi. Usiku naona ukungu na vijitone vya maji ndani yake. Je, nimeuziwa karatasi mbovu? — Msomaji, Mwanza

JIBU: Si lazima. Tinti hubandikwa kwa maji ya sabuni, na maji yaliyobaki hutoka taratibu kupitia karatasi yenyewe, kazi inayoweza kuchukua wiki chache. Usishushe madirisha kwa siku tatu hadi tano za mwanzo, egesha juani ukiweza, na usiisafishe kwa dawa ya vioo yenye amonia. Lakini povu lenye hewa, lililovimba na lenye punje ya vumbi katikati, halitaondoka. Hilo mrudishie fundi.

SWALI: Ndugu zangu walioko Uingereza wanaendesha magari yenye vioo vyeusi vya nyuma na hakuna anayewasumbua. Japani nako magari yanatoka hivyo kiwandani. Kama ni hatari, mbona nchi hizo zinaruhusu? — Msomaji, Tanga

JIBU: Swali zuri, na ni kweli kwamba sheria za nchi hizo mbili hazikuweka kiwango cha giza kwa vioo vilivyo nyuma ya dereva. Mkazo wao uko mbele. Japani inataka kioo cha mbele na madirisha ya milango ya mbele yapitishe angalau asilimia 70 ya mwanga. Uingereza, kwa magari yaliyoanza kutumika kuanzia tarehe 1 Aprili 1985, inataka asilimia 75 kwa kioo cha mbele na 70 kwa madirisha ya mbele. Hoja yao ni kwamba dereva akiwa na vioo vya pembeni viwili anavyoviona vizuri, anaweza kujua kilicho nyuma.

Si kila nchi iliyoikubali hoja hiyo. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya India ilipiga marufuku kubandika karatasi za aina yoyote kwenye vioo vya magari, na kusisitiza viwango vya kanuni za nchi hiyo: kioo cha mbele na cha nyuma vipitishe asilimia 70, na vya ubavuni asilimia 50. Kwa India, basi, kioo cha nyuma kina heshima sawa na cha mbele.

Mimi naona mazingira yetu yanatuweka karibu zaidi na tahadhari ya India. Ndugu zako wa Uingereza wanaendesha kwenye miji yenye taa za barabarani, ambako machweo ya kiangazi hujikokota. Kwetu karibu na ikweta, jua likizama saa kumi na mbili na nusu jioni, giza huwa limetanda kabla ya saa moja kamili. Barabara nyingi hazina taa, bodaboda nyingine hazina taa ya nyuma wala ya mbele, na mwenda kwa miguu anatembea ukingoni mwa lami akiwa amevaa nguo za rangi iliyoiva. Kioo kilichoruhusiwa kwa barabara ile hakiwi salama kwa barabara hii kwa sababu tu kimekuja na gari.

SWALI: Jirani anayetoka nami asubuhi na mapema ananiambia taa yangu ya breki ya juu haionekani, ila balbu haijaungua. — Msomaji, Moshi

JIBU: Ikiwa taa hiyo imewekwa ndani ya kioo cha nyuma, kama ilivyo kwenye magari mengi madogo, fundi wako ameibandikia karatasi mbele yake. Mwanga wa taa nyekundu sasa unalazimika kupita kwenye tinti ndipo umfikie aliye nyuma yako, na kwa karatasi ya 20 anaona moja ya tano tu. Mchana wa jua kali haoni kabisa. Taa ya juu ndiyo inayoonekana na dereva wa gari la pili na la tatu nyuma yako, pale ambapo zile mbili za chini zimezibwa na aliyekufuata. Mwambie fundi aikate karatasi kwa kufuata umbo la taa hiyo ili kioo kibaki wazi mbele yake, lakini asikate ikiwa juu ya mistari ya joto. Aibandue kwanza, akate pembeni, kisha abandike. Kazi hiyo isisubiri.

SWALI: Nina umri wa miaka 64 na bado naendesha kati ya Morogoro na Dodoma, mara nyingine usiku. Taa za malori na mabasi yanayonifuata zinaniumiza macho. Kijana wangu anashauri niweke tinti nyeusi kwenye kioo cha nyuma ili kuzipunguza. Nikubali? — Mzee msomaji, Morogoro

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Naomba usikubali, na sababu zangu ni hizi.

Jicho la mtu mwenye umri wa miaka 60 hupokea takribani theluthi moja tu ya mwanga unaolifikia jicho la kijana wa miaka 20, kwa sababu mboni haitanuki kama zamani na lenzi imeanza kukolea rangi. Wakati huohuo lenzi hiyo hutawanya mwanga mkali zaidi, ndiyo maana taa zinakuumiza kuliko zamani. Tinti inapunguza mwanga wa lori, lakini inakunyang'anya pia ule mdogo wa bajaji na wa pikipiki, ambao ndio unaouhitaji. Tena haigusi kabisa mng'ao unaotoka kwenye vioo vya pembeni, kwa kuwa hivyo unavitazama kupitia madirisha ya mbele.

Gari lako tayari lina dawa yake. Chini ya kioo cha ndani kuna kishikio kidogo. Ukikivuta, kioo hubadili pembe, na badala ya kukurudishia karibu mwanga wote hukurudishia takribani asilimia 4. Taa za lori zinabaki kuwa vitone unavyoweza kuvivumilia. Lori likishapita, rudisha kishikio mahali pake. Uone sasa kitakachotokea ukiwa na tinti inayopitisha asilimia 5 na ukavuta kishikio: unabaki na sehemu mbili katika kila elfu moja. Hapo utaona taa kali tu, na gari lenye taa hafifu halitakuwepo machoni pako.

Vioo vya pembeni vielekeze nje kiasi kwamba ubavu wa gari lako unaonekana kwa shida. Taa za aliye nyuma moja kwa moja hazitakupiga usoni. Safisha kioo cha mbele na cha nyuma kwa ndani, kwani plastiki za dashibodi zikipata joto hutoa mvuke unaoganda kiooni kama utando wa mafuta, na utando huo hutandaza kila taa. Rudia kwa kitambaa safi mpaka kisitoke na uchafu.

Na nenda ukapimwe macho, mzee wangu, hata kama unasoma gazeti bila shida. Ukiona duara la mwanga kuizunguka kila taa, huenda mtoto wa jicho ameanza, na huyo hutibika. Kabla ya majibu ya daktari, safari za Dodoma zipangie mchana.

SWALI: Nina kamera ya nyuma. Je, bado kioo cha nyuma kina kazi? — Msomaji, Kigamboni, Dar es Salaam

JIBU: Kinayo. Kamera iliyo juu ya kibao cha namba haiguswi na tinti kwa kuwa iko nje, na kwa hatua chache za nyuma ya bampa inaona mahali ambapo hakuna kioo kinachoona. Lakini usiku inategemea zilezile taa hafifu za rivasi, picha yake hujaa chembechembe, na tope la barabara ya mtaani hulifunika jicho lake kwa safari moja ya mvua. Gari linalokuja kwa kasi kutoka ubavuni haitakuonyesha mpaka limefika. Itumie kwa kilicho karibu na chini, na kioo kwa kilicho mbali na juu. Kama kamera yako ni ile iliyobandikwa ndani ya kioo cha nyuma ili kurekodi safari, hiyo inaona kupitia tinti kama unavyoona wewe, na picha za usiku zitakuwa nyeusi. Mwambie fundi aache sehemu ndogo ya kioo wazi mbele ya lenzi, au uihamishie nje.